Kutoka Timbo la Bamburi hadi Mikoko ya Gazi

Ukanda wa pwani ya Kenya unaoanzia kaskazini mwa Mombasa na kuishia mpakani na Tanzania umelala juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaani mabaki ya viumbe wadogo wa baharini waliojenga miamba yao zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, kisha maji yakashuka na kuiacha kazi yao nchi kavu. Mwamba huo umetobokatoboka, hauna udongo mwingi, na maji ya mvua huupenya upesi yakapotelea chini. Hata hivyo juu yake paliota misitu minene, na pale mito ilipokutana na bahari paliota mikoko. Msafiri anayetoka Bamburi, akaizunguka Mombasa kwa barabara ya Dongo Kundu, akashuka hadi Kinondo na kufikia Gazi, hupita mwendo usiofika kilomita 100, na katika mwendo huo huona mambo matatu ambayo wasomaji wa ikolojia hukutana nayo katika sura mbalimbali za vitabu vyao: ardhi iliyochimbwa hadi ikabaki jiwe tupu kisha ikafanywa msitu, msitu wa kale ambao haukufyekwa, na mikoko iliyokatwa ikapandwa upya.

Ikolojia ya mimea, ambayo ni tawi la elimu ya viumbe linalochunguza jinsi mimea inavyohusiana na udongo, maji, hewa, wanyama na mimea mingine, haiuangalii mti kama kitu kinachosimama peke yake. Kwa mtazamo huo, mahali huhesabiwa kuwa pameharibika pale mahusiano hayo yanapokatika kiasi kwamba uoto hauwezi tena kujirudia kwa nguvu zake wenyewe, na urejeshaji ni kazi ya kukitafuta kizuizi kinachouzuia uoto kurudi na kukiondoa. Maelezo haya yana uzito, kwa sababu kampeni nyingi za upandaji miti Afrika Mashariki hupima mafanikio yao kwa idadi ya miche iliyotiwa ardhini siku ya sherehe, hali swali la mwanaikolojia huja miaka mitano au kumi baadaye, nalo ni kama mahali hapo sasa panaota kitu chochote ambacho hakuna mtu aliyekipanda.

Bamburi ni pahala pazuri pa kuanza kuliuliza swali hilo, maana huko uharibifu ulifika mwisho wake. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa mwamba huohuo wa matumbawe, uliochimbwa mwaka baada ya mwaka hadi likaachwa timbo pana ambalo sakafu yake ilikuwa juu kidogo tu ya maji ya chini ya ardhi, tena maji yenye chumvichumvi. Hapakuwa na udongo wala kivuli, na jua la mchana lilipiga juu ya jiwe jeupe likarudi juu kuunguza chochote kilichojaribu kuchipua. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyesomea kilimo cha nchi za joto na ambaye alikuwa akiitumikia kampuni yenye timbo hilo, alianza majaribio ya kupanda miti katika jiwe lililopondwapondwa. Alijaribu aina 26, na zilizostahimili zilikuwa 3 tu: mnazi, damasi ambao asili yake ni Somalia, na mvinje, mti mrefu mwembamba ambao wakazi wa pwani wanaufahamu sana kwa fito na nguzo zake za kujengea.

Mvinje ndio uliolibadilisha timbo, na sababu ya uwezo wake huo haionekani kwa jicho. Mizizi yake huota vifundo ambavyo ndani yake huishi bakteria wenye uwezo wa kuichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kwa hiyo mti huu unaweza kuishi mahali ambapo udongo haupo, mradi bakteria hao wawepo. Katika jiwe lililotoka kuchimbwa hawakuwapo, ikabidi waletwe pamoja na udongo wa kwingineko ambako mivinje ilikuwa imestawi. Wanaikolojia huiita mimea ya aina hii mimea tangulizi, yaani ile inayoingia kwanza mahali patupu, ikapatengeneza kwa kivuli na kwa mabaki yake, na hatimaye ikaipisha mingine ambayo peke yake isingeweza kuingia. Ufuatanaji huo wa uoto, kuanzia tangulizi hadi msitu uliokomaa, katika jiwe lililoachwa peke yake huweza kuchukua karne nyingi.

Hapo Bamburi, hata hivyo, ufuatanaji ulikwama mapema. Mivinje ilikua, ikadondosha vijani vyake vyembamba kama nywele, navyo vikarundikana juu ya jiwe pasipo kuoza, kwa kuwa vina tanini nyingi, ile dutu kali ambayo hukausha ulimi na ambayo vijidudu vingi vya kuozesha haviiwezi. Msitu ulikuwa umesimama juu ya zulia kavu lisilogeuka kuwa udongo. Kilichofungua njia ni jongoo. Haller aliona kwamba jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye ni mwenyeji wa pwani na huonekana kwa wingi baada ya mvua, huvila vijani hivyo vikavu. Akaagiza majongoo wakusanywe kwa mamia na kumwagwa timboni. Jongoo anapovitafuna vijani huvisagasaga, na kinyesi chake hutoka kikiwa tayari kushambuliwa na bakteria, hivyo kazi ya kuozesha ambayo ilikuwa imesimama kabisa ikaanza. Mtu anayeinama leo chini ya mivinje hiyo na kufukua kwa ncha ya kidole huona jambo hili kwa tabaka: juu vijani vya kahawia vilivyo vizima, chini yake vipande vilivyotafunwa pamoja na vidonge vidogo vya kinyesi, chini zaidi udongo mweusi wenye unyevu na harufu ya shamba baada ya mvua, na mwisho jiwe jeupe. Historia nzima ya mahali hapo imo katika kina ambacho kiganja kinaweza kukipima. Watu husema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Huko Bamburi, mti usio na jongoo ungebaki umesimama juu ya takataka zake mwenyewe.

Udongo ulipopatikana, miti ya asili ya pwani ilipandwa chini ya mivinje, na ndege, popo na tumbili wakaleta mbegu nyingine bila kuagizwa. Mwaka 1987 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimweka Haller katika orodha yake ya heshima ya watu 500 walioyatumikia mazingira duniani, na sehemu ya timbo iliyofunguliwa kwa umma sasa inaitwa kwa jina lake. Wageni wengi huja kuwalisha twiga na kuwatazama viboko, na si vibaya. Lakini aliyekuja kwa ajili ya mimea hukabiliwa na jambo zito zaidi, ambalo ni kwamba msitu huu, pamoja na ustawi wake wote, haufanani na ule uliokuwapo kabla ya saruji. Ardhi yenyewe imeshushwa, maji yako karibu na chumvi iko karibu, na mti mkuu wa mahali hapo umetokana na mashariki ya mbali ya Bahari ya Hindi. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba kazi ya Bamburi inastahili sifa zote inazopewa, ila ni kazi ya kuunda mfumo mpya mahali ambapo ule wa zamani umeondolewa hadi mwamba wake, na haifai kutumiwa kama hoja kwamba msitu wowote ukiharibiwa utaweza kurudishwa. Asiyeukubali ugumu huo na asafiri nusu siku kuelekea kusini, autazame msitu wa mwamba wa matumbawe ambao bado upo.

Barabara ya Dongo Kundu inayomfikisha huko inapita juu ya hori la Mwache, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, na mikoko inayoonekana kutoka darajani inayo somo lake. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliuteremsha hapa udongo wa juu wa mashamba na malisho ya bara ya Kwale, nao ulipofika penye maji yaliyotulia ulizama na kujikusanya juu ya mizizi. Mikoko huota katika tope ambalo ndani yake hewa haipo, kwa hiyo aina nyingi zimejipatia mizizi inayochomoza juu kuvuta oksijeni. Mizizi hiyo inapofukiwa kwa ghafula, mti hukosa pumzi na kufa ukiwa umesimama. Miti mingi ya Mwache ilikufa hivyo, bila shoka kuigusa. Kizuizi kilichopaswa kuondolewa hakikuwa pale horini, kilikuwa kwenye miteremko iliyokatwa miti mwendo mrefu kutoka baharini, na mche wowote ambao ungepandwa topeni kabla ya miteremko ile kutulia ungekuwa umepandwa ili ufukiwe.

Kaya Kinondo iko ufukweni kusini mwa Diani, na ukubwa wake ni kama hekta 30. Ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zilizoandikishwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, na wenyewe ni Wadigo, ambao wazee wao wa kaya ndio wenye mamlaka ya kumruhusu mgeni kuingia. Mgeni hujifunga kaniki nyeusi kiunoni, hufuata njia anayoonyeshwa, na haruhusiwi kutoka na kitu chochote, hata kijiti kilichoanguka. Masharti haya, yaliyowekwa kwa ajili ya heshima ya mizimu na makaburi, yamekuwa na matokeo ambayo sheria za serikali hazikuyapata mahali pengi pwani: mti mfu huachwa uoze ulipoangukia, matunda hubaki kwa wanyama, na mizizi huachwa ijipenyeze kwenye nyufa za matumbawe kwa vizazi vingi bila kukatwa. Ndani ya kaya jua hufika ardhini kwa vidoa vidogo tu, mitambaa minene ya msituni hupanda kutoka mti hadi mti, na mwamba wenye ncha kali hujitokeza kati ya mizizi iliyoukumbatia, huku majani makavu yakijaza kila shimo.

Kwa mwanaikolojia, msitu wa namna hii ni mfumo rejea, maana yake ni mahali palipobaki katika hali ya asili au karibu nayo, ambapo kazi ya urejeshaji ya mahali pengine hupimwa kwa kulinganishwa napo. Bila Kinondo na kaya nyenzake, hakuna ambaye angeweza kusema ni nini kinachokosekana katika timbo lililopandwa. Ukilinganisha, jambo linaloonekana kwanza ni uwiano wa umri: Bamburi miti mingi ilianza pamoja, hali Kinondo mti wa miaka mingi, kijana wake na mche wa mwaka huu husimama bega kwa bega, na pengo likitokea warithi wake wako tayari. Jambo la pili ni kwamba aina nyingi za Kinondo ni za miti inayokua polepole na kuzaa matunda makubwa yanayobebwa na wanyama wachache, na aina hizo ndizo huchelewa kuliko zote kurudi katika ardhi iliyovurugwa, pengine baada ya maisha ya watu kadhaa. Ni dhahiri basi kwamba hekta 30 zilizolindwa na wazee kwa kaniki na makatazo zina thamani ambayo hakuna bustani ya miche inayoweza kuilipa, na inasikitisha kwamba mipango mingi ya maendeleo ya pwani bado huzitaja kaya kama vivutio vya watalii peke yake.

Kutoka Kinondo hadi Gazi ni mwendo mfupi. Gazi ni kijiji cha kale katika kaunti ya Kwale, kilichokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, kiongozi aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 hadi akalazimika kukimbilia upande uliotawaliwa na Wajerumani. Ghuba yake imekingwa upande wa mashariki na rasi ya Chale, na hupokea maji matamu ya mto Kidogoweni na mto Mkurumudzi, huu wa pili ukiwa na bwawa lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa mchanga wa titani wa Kwale, ambao uchimbaji wake ulikoma mwishoni mwa mwaka 2024. Mikoko ya ghuba hiyo ina ukubwa wa takriban hekta 615, na mtu anaweza kuipitia kwa daraja la mbao lililojengwa na akina mama wa kijiji, ambao huwaongoza wageni na kuwapikia.

Daraja hilo linafundisha jinsi mikoko inavyojipanga kwa kufuata maji. Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila moja huchagua mahali pake kulingana na muda ambao maji ya kujaa hukaa juu ya mizizi, ukali wa chumvi na ulaini wa tope. Mlilana husimama mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi kila siku. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ambao mizizi yake hutoka kwenye shina na kushuka kwa upinde hadi topeni, halafu muia na mkandaa, na kule nyuma, ambako maji hufika nyakati za bamvua tu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa kuliko kawaida, huota kikandaa. Mchu ni wa pekee, kwa sababu hupatikana mbele na nyuma pia. Huvumilia chumvi kuliko wenzake, na huitoa kwa kuitokeza jasho juu ya majani, hivyo kwamba mtu akilamba jani la mchu asubuhi ya jua huonja chumvi waziwazi. Mkoko hufuata njia nyingine: huichuja chumvi mlangoni, kwenye mizizi, isipate kuingia.

Namna ya kuzaa kwa mkoko nayo inaeleza kwa nini ukataji wa kupindukia huacha majeraha yasiyopona. Mbegu yake haidondoki ikiwa mbegu, bali huchipua ikiwa bado juu ya mama yake, ikarefuka kuwa mche mwembamba wa kijani wenye ncha, unaoning'inia miezi kadhaa hadi uwe tayari. Unapoanguka wakati maji yamekupwa huweza kujichoma topeni pale pale; ukianguka maji yamejaa huelea na kusafiri, mara nyingine majuma mengi, ukingoja mahali pa kushika. Mahali hapo pa kushika hutengenezwa na mizizi ya miti iliyopo, ambayo hupunguza kasi ya maji na kulifanya tope litulie. Miti yote ikiondolewa, mawimbi huja bila kuzuiwa, mchanga huhamahama, na miche inayoletwa na maji huondolewa na maji hayohayo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Gazi. Kwa karne nyingi mikoko ya pwani hii ilikatwa kwa kipimo, ikagawanywa kwa unene kuwa fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na majahazi yakaipeleka Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kuezekea ilikuwa adimu na ambako, kama ilivyo katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Biashara ya kuiuza nje ilipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 1982. Kilichoiumiza Gazi zaidi, hata hivyo, kilikuwa kuni: katika miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya tanuri za chokaa na matofali, na mkata boriti ambaye huchagua mti mmoja na kuacha wa pili ni tofauti kabisa na mkata kuni ambaye husafisha kila kitu. Sehemu za mbele zilizokuwa na mililana zikabaki mchanga mtupu, na hata miaka mingi baada ya tanuri kunyamaza hakuna kilichorudi.

Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo ina kituo chake hapo Gazi, na miongoni mwao James Kairo, walianza kupanda upya kwa kushirikiana na wanakijiji. Kilichoitofautisha kazi yao na upandaji wa kawaida ni kwamba kila aina ilirudishwa katika usawa wa maji unaoifaa, mlilana mbele na mkoko nyuma yake, badala ya kupanda mkoko kila mahali kwa sababu tu mbegu zake ni ndefu na rahisi kuokota. Shamba la mkoko lililopimwa likiwa na miaka 12 lilikuwa na miti yenye kimo cha takriban mita 8 na mashina zaidi ya 5,000 kwa hekta. Tarakimu hizi zinaridhisha, lakini jibu la swali lililoulizwa mwanzoni halimo ndani yake. Jibu limo katika uchunguzi mwingine uliofanywa katika mashamba hayohayo, ambao ulionyesha kwamba chini ya mililana iliyopandwa palikuwa pameanza kuota miche ya aina ambazo hazikupandwa, hali katika viwanja vya wazi vilivyoachwa kando yake kwa ajili ya ulinganisho haikuonekana.

Pamoja na miche hiyo walirudi kaa. Maji yanapokupwa, anayesimama kimya juu ya daraja huona tope likianza kusogea: kaa mmoja hutoka shimoni, hulishika jani la manjano lililoanguka, hulivuta kinyumenyume kwa vituo hadi mlangoni, hulizungusha mara mbili au tatu ili lipate kupita, kisha hutoweka nalo. Mbolea ambayo ingechukuliwa na maji hubaki msituni, na mashimo ya kaa hupitisha hewa na maji katika tope ambalo bila hayo lingejaa salfidi, gesi yenye sumu inayodhoofisha mizizi. Kazi ya kaa huyu Gazi ni ndugu ya kazi ya jongoo Bamburi. Hakuna mradi wa urejeshaji unaoweza kuhesabika kuwa umekamilika kabla ya wala majani kurudi, na ni ajabu jinsi wanavyokosekana katika ripoti nyingi za upandaji miti.

Jambo jingine lililojitokeza katika tafiti za mikoko linagusa moja ya fikra za zamani za kilimo, kwamba miche iliyobanana hunyang'anyana chakula na hivyo hudhoofishana. Majaribio ya kupanda miche ya mkoko kwa nafasi mbalimbali, yaliyofanywa Sri Lanka, yalionyesha kwamba palipobanana zaidi ndipo tope lilipojikusanya upesi zaidi na ndipo miche mingi zaidi ilipobaki hai. Mahali penye dhiki, jirani ni msaada kabla ya kuwa mshindani, kwani huzuia mawimbi na huinua ardhi kwa wote. Sri Lanka hiyohiyo imetoa pia funzo la uchungu: baada ya tsunami ya Desemba 2004 mikoko ilipandwa kwa haraka sehemu nyingi za pwani yake, na uchunguzi wa baadaye wa maeneo 23 ulikuta maeneo 9 hayana hata mche mmoja uliobaki. Mingi ilikuwa imepandwa mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota au ambapo maji hukaa muda mrefu kupita kiasi. Nia njema iliyokuwapo haikuweza kuchukua nafasi ya kupima kina cha maji.

Tangu mwaka 2013 wakazi wa Gazi na kijiji jirani cha Makongeni wameendesha mradi wa Mikoko Pamoja, ambao unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kiasi cha hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, kama tani 3,000 kwa mwaka, kwa wanunuzi walio mbali, wengi wao Ulaya. Fedha zinazopatikana huamuliwa matumizi yake na wanakijiji wenyewe, na zimekwenda katika maji ya bomba na mahitaji ya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ni muhimu kueleza kwamba sehemu kubwa ya ukaa wa mikoko haimo katika miti inayoonekana, imo chini, katika tope ambalo kwa kukosa hewa huhifadhi mizizi na majani ya kale bila kuyaozesha. Mikoko ikikatwa, tope hilo hufunuka, na kilichohifadhiwa kwa muda mrefu huanza kutoka upesi. Kwa sababu hiyo hekta moja inayoachwa isimame ina faida ya haraka kuliko hekta moja inayopandwa. Wanakijiji wanahitaji kuni na nguzo kama watu wote, na mradi umelijibu hitaji hilo kwa kupanda mivinje nchi kavu, ule mti wa Bamburi, ili ukatwe badala ya mkoko. Mwandishi wa makala haya anauona uamuzi huo kuwa wa busara kuliko doria yoyote, maana unampa mkata kuni mahali pa kwenda.

Mfano wa Gazi umeigwa Vanga, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, ambako vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vinalinda hekta 460 kwa utaratibu huohuo. Linalobaki, huko na huku, ni suala la ardhi iliyo nyuma ya mikoko. Bahari inapanda, na mikoko huweza kuendana nayo kwa njia mbili: kwa kuinua tope chini yake, jambo linalohitaji mito ilete udongo kwa kiasi, si kidogo kama mito iliyozuiwa kwa mabwawa wala mwingi kama ule wa Mwache, au kwa kurudi nyuma, miche ikiota kila mwaka hatua chache zaidi upande wa bara. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, lakini tangazo hilo linaihusu mikoko yenyewe, na nyuma yake huanza minazi, nyumba na viwanja vyenye wenyewe. Kule Gazi ukingo wa nyuma wa msitu, wa kikandaa na mchu, uko mahali pengine umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye kuta za nyumba, na huko ndiko miche michanga itakakolazimika kuota. Kaunti, wenye viwanja na vyama vya vijiji watalazimika kukaa na kukubaliana ni ukanda gani utakaoachwa wazi na nani atakayelipwa fidia, na mazungumzo hayo ni nafuu yafanywe sasa, kabla kuta nyingine hazijajengwa.